Staa Anakula Ramen Bure, Wewe Unailipia kwa Mkopo

Salamu kutoka Idodi wadau wangu, huku barabara ya Ruaha ambako Land Cruiser za watalii zinapita na sisi tunabaki na vumbi lao. Vumbi lipo ila mtandao nao upo, kwa hiyo na mimi ile klipu nimeiona. Ndiyo, hiyohiyo mnayonitumia inboksi tangu Jumamosi mkitaka niseme neno.

Kwa ambaye hajakutana nayo: dada mmoja wa mjini, jina nalihifadhi maana sitaki kesi, amekaa kwenye mgahawa wa Kijapani kule Dar. Nyuma yake taa za karatasi, mbele yake bakuli jeusi la ramen linafuka mvuke, mkononi vijiti viwili ambavyo klipu nzima havijagusa mdomo. Anasema mwanaume ambaye mpaka leo anamtoa mwanamke mtoko wa supu na chapati asimtafute, ajitafute kwanza mwenyewe. Anacheka, anaitupia kamera jicho, imeisha.

Komenti zimegawanyika kama Simba na Yanga. Nusu wanasema dada kasema kweli, viwango ni viwango. Nusu wanamporomoshea matusi. Mimi simtukani, na wala sitasema ramen ni mbaya, kwa sababu nimeila na ni tamu. Langu ni moja tu na nalisema mapema msije mkasema nimewazungusha: wengi wa hao mnaowaona na bakuli la ramen kwenye simu zenu hawajalilipia. Anayelipa ni wewe unayekwenda kuiga, na mara nyingi unalipa kwa hela ambayo sio yako.

Najuaje? Hayo mabakuli nimeyabeba kwa mikono yangu. Baada ya kidato cha nne nilikwenda Dar kutafuta maisha, na miezi minane nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa wa Kijapani. Jina siliweki hapa. Mshahara wangu nililipwa kwa wakati na ugomvi na mtu sina. Ila macho niliyoingia nayo pale ndo niliyotoka nayo, na yameona.

KWANZA TUIJUE RAMEN YENYEWE

Ukiondoa taa na muziki, ramen ni tambi za ngano ndani ya supu ya moto. Juu yake wanapanga vipande vya nyama, yai la kuchemsha, majani ya kitunguu, pengine na karatasi ya mwani mkavu. Ndo hiyo tu jamani.

Na wala haikuzaliwa ikulu. Asili yake ni tambi za Wachina waliohamia miji ya bandari ya Japani kama Yokohama. Mwaka 1910 ulifunguliwa mgahawa unaoitwa Rairaiken mtaa wa Asakusa, Tokyo. Mwenye mgahawa alikuwa Mjapani, wapishi akawachukua Wachina kutoka Yokohama, na ndo unatajwa kati ya ile ya mwanzo kabisa kuifanya ramen ipendwe na watu wengi. Asakusa ya wakati ule ilikuwa mtaa wa burudani, watu wa kawaida wamejaa, mtu anatoka kwenye maonyesho njaa inamuuma anatafuta kitu cha moto cha bei nafuu.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kuisha mwaka 1945, Japani ilikuwa na njaa kweli. Mchele ulikuwa haba, unga wa ngano ukawa unaingia kutoka Marekani, na watu wakawa wanauza tambi za moto kwenye vibanda vya magurudumu wanavyoviita yatai. Picha yake unaijua hata kama hujafika Japani: mkokoteni, jiko, sufuria, mvuke, watu wamesimama usiku wanakula haraka kabla baridi haijawazidi. Kuna bwana mmoja anaitwa Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, aliona foleni ya watu kwenye kibanda cha namna hiyo mjini Osaka, wazo likamkaa kichwani. Mwaka 1958 akatoa tambi za kumwagia maji ya moto na kula, na mwaka 1971 akaziweka kwenye kikombe. Kwa hiyo wewe unayepika Indomie geto saa sita usiku, jua unakula mjukuu wa ile foleni ya Osaka. Usijidharau.

Hata leo kwao, migahawa mingi ya ramen haina mbwembwe. Mlangoni kuna mashine, unatumbukiza hela, inatoa tiketi. Unakaa kwenye kigoda mbele ya kaunta, bakuli linakuja, unavuta tambi kwa mlio bila aibu, unamaliza, unampisha anayesubiri nje. Wenye biashara hiyo wana msemo wao, "ukuta wa yeni elfu moja". Maana yake bakuli likizidi yeni 1,000 wateja wananuna, kwa sababu vichwani mwao hicho ni chakula cha mfanyakazi. Hata mgahawa wa Tsuta, wa kwanza wa ramen kupewa nyota ya Michelin mwishoni mwa mwaka 2015, ulikuwa kijiduka cha viti tisa pale Tokyo.

Sasa rudi kwenye klipu. Dada anajivunia ramen na kuidharau supu na chapati. Wadau, ramen ndo supu na chapati ya Tokyo! Fundi ujenzi wa kule anaikimbilia kwa njaa ileile inayompeleka fundi wa Kihesa kwa mama ntilie asubuhi.

JIKONI HAKUNA AJABU ILA KUNA KAZI

Heshima yangu kwa ramen niliipata jikoni, sio ukumbini. Mpishi wetu alikuwa kijana wa Tukuyu aliyefundishwa na mpishi mgeni aliyekuja akaondoka. Sufuria la mifupa lilikuwa linabandikwa alfajiri sisi wengine bado tunagombania daladala. Linachemka masaa, mafuta yanatolewa, mifupa inasagika mpaka supu inakuwa nyeupe kama imetiwa maziwa. Hiyo nyeupe wanaiita tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe, asili yake upande wa Fukuoka kusini mwa Japani. Kule Sapporo kwenye baridi wanaweka miso, ambayo ni soya iliyovundikwa. Kila mkoa na mkono wake, kama sisi.

Siku moja nikamuuliza kwa nini zile tambi zina rangi ya njano na zinavutika wakati tambi zetu za Ramadhani zinakatika tu. Akaniambia wanakandia unga kwa maji yenye chumvichumvi fulani, Wajapani wanaiita kansui. Akanionjesha kidogo kwenye kidole.

"Dada, si unaijua hii?"

Nikaijua. Ladha ya magadi! Yale ambayo bibi anatia kwenye mlenda na kwenye maharage magumu.

"Ni magadi tu haya," akasema, "ila yamesoma."

Tulicheka mpaka meneja akaja. Lakini toka siku ile kila nikisikia mtu anasema ramen ni ya watu wa levo, nakumbuka magadi ya bibi yangu. Supu ya mifupa tunayo, inaitwa makongoro, nayo inabandikwa usiku wa manane ili iwe tayari kunapokucha. Magadi tunayo. Pilipili na kitunguu ndo usiseme. Tofauti kubwa ni taa, bakuli, na nani ameonekana amekaa mezani.

STAA ANAKUJA SAA NNE ASUBUHI

Hapa ndo penyewe, vuta kiti.

Mgahawa wetu ulikuwa unafungua saa sita mchana. Mastaa walikuwa wanakuja saa nne asubuhi. Unashangaa nini? Saa nne kuna mwanga mzuri, hakuna wateja, na mpiga picha anazunguka bila kugongana na mtu. Kuna mmoja simtaji, nyimbo zake mnazicheza kwenye harusi zenu, alikuja na mpiga picha, msaidizi, na mabegi mawili ya nguo. Alibadilisha mara tatu. Ramen ilitoka jikoni ya moto, ikapigwa picha, ikapoa, ikarudi kupashwa ili mvuke uonekane tena. Ikarudi mara ya pili. Mara ya tatu mpishi alikataa, akachemsha maji matupu akayamimina kwenye bakuli ili mvuke upatikane, tambi zikiwa zimeshaumuka kama godoro.

Kula? Hakula. Alionja yai. Halafu msaidizi wake akampigia bodaboda alete chipsi kuku kutoka nje, wakala garini.

Bili ilikuwa sifuri. Yale yalikuwa makubaliano: yeye anaposti, mgahawa unampa chakula, na wengine wanaongezewa na bahasha. Usiku nikiwa kitandani nikaiona ile picha imepanda, imeandikwa kwamba yupo mtoko wa usiku na ubavu wake. Mtoko wa usiku, picha ya saa nne asubuhi, na huyo ubavu mimi sikumuona. Laiki zilimiminika. Chini watu wanaandika "lini na mimi", "baba watoto unaona wenzio", "hii ndo maisha".

Sikilizeni, sisemi kolabo ni dhambi. Ni kazi kama kazi nyingine, na mgahawa una haki ya kujitangaza. Wenzetu Marekani, tume yao ya biashara, FTC, inamtaka mtu aliyelipwa au kupewa kitu ili akisifie aseme wazi kwamba ni tangazo. Uingereza nako tangazo linatakiwa lijulikane kuwa ni tangazo. Neno moja tu, "tangazo", pale juu ya picha. Lingewaokoa watu wengi, maana mtu akijua ni tangazo anaangalia kama anavyoangalia bango la soda barabarani. Hakuna anayekwenda kukopa kwa ajili ya bango la soda.

KIJANA WA MEZA YA DIRISHANI

Wiki ileile picha ilipopanda, wateja waliongezeka. Na walikuwa wanajulikana wakiingia tu. Wanatafuta kile kiti, ile kona, ile taa. Wengine wanakuonyesha simu, "dada, tunataka hii", wanaonyesha picha ya staa badala ya menyu.

Kuna wawili siwasahau. Kijana shati jeupe limepigwa pasi kwelikweli, mguu wake chini ya meza hautulii. Binti kapendeza, mpole, anaongea kwa sauti ya chini. Wakakaa meza ya dirishani. Nikawapa menyu, kijana akaisoma kuanzia upande wa bei. Ukifanya kazi mezani utajua, mtu mwenye amani anaanzia kwenye majina ya vyakula. Wakaagiza ramen mbili, na juisi, na zile mandazi ndogo za nyama za kuanzia. Kwenye picha ya staa zilikuwepo, sasa zitakosekanaje?

Chakula kilipofika simu zikatoka. Picha ya juu, picha ya pembeni, video ya vijiti, rudia. Mimi napita na trei naona mafuta yameanza kuganda juu ya supu. Mara binti akanyanyuka kwenda msalani, akanikuta koridoni.

"Dada samahani," akaninong'oneza, "hivi hii inaliwaje? Nina njaa balaa."

Nikamwambia kuna uma, naleta sasa hivi, hakuna aibu. Akasema hapana, usilete, mwenzangu ataniona mshamba. Haya. Nimetoka pale, namkuta kijana ananisubiri karibu na kaunta.

"Dada, eti uma zipo? Ila usilete mezani, nilikuwa nauliza tu."

Jamani! Watu wawili wana njaa, wote wanataka uma, kila mmoja anamuogopa mwenzie, na wote wawili wanaogopa watu wa kwenye simu ambao wala hawapo. Nilibeba uma mbili nikaziweka mezani bila kuulizwa, nikasema ndo utaratibu wetu. Mngeona walivyokula.

Ila bili ndo ilikuja. Laki moja na arobaini elfu, pamoja na kodi. Kijana akaiangalia, akaigeuza upande wa pili kama labda nyuma kuna punguzo. Akaniambia subiri kidogo, kuna mzigo unaingia. Akainamia simu, anabonyeza, anasubiri, anabonyeza. Nikajua. Nilikuwa nimeshaona wengi. Ujumbe ukaingia, uso ukapata damu, akalipa, akaniachia elfu mbili ya tipu na kuniita dada yangu. Binti hakujua kitu, alikuwa anachagua picha.

Kwetu Idodi tunalima mpunga. Nilipofika geto usiku ule nikapiga hesabu ya kikwetu: wakati wa mavuno bei ikiwa chini, laki na arobaini ni gunia la mpunga na chenji inabaki. Gunia moja ni kuamka, kumwagilia, kupalilia, kuinga ndege kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, kuvuna, kupiga, kupepeta. Limeondoka kwa dakika arobaini, nusu ya supu imerudi jikoni.

DENI HALINA FILTA

Najua kuna atakayesema mkopo wa simu ni mdogo, atalipa. Hebu tuongee kama watu wazima. Hizi programu za mikopo, kuna zenye leseni na kuna za kishenzi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Sitini na tisa! Na mnajua zilivyo: ukijiunga zinaomba kuingia kwenye majina yako ya simu. Ukichelewa, meseji zinakwenda kwa shemeji, kwa mwalimu wako wa zamani, kwa mchungaji, kwa bosi. "Mwambie fulani alipe deni, ni tapeli." Mtu alikopa ili aonekane wa viwango kwa watu wasiomjua, anaishia kudhalilishwa kwa watu wanaomjua.

Yule staa, kwa bakuli lilelile, alipata chakula na pengine bahasha. Mgahawa ulipata wateja. Wakopeshaji wakapata riba. Kijana wa dirishani alipata picha kumi na mbili na deni. Binti naye alipata nini? Alipata mwanaume wa kuigiza, ambaye mwezi unaofuata hawezi kupokea simu. Wote wawili wameibiwa na hakuna mwizi wa kumshika.

Ndo maana ile kauli ya "asinitafute" inaniuma. Sio maneno matupu. Inaingia kwenye sikio la kijana anayepata elfu kumi kwa siku na kumwambia hujafaa mpaka uwe na hii picha. Inaingia kwenye sikio la binti anayependwa vizuri tu kwa supu na chapati na kumwambia unadharauliwa. Uhusiano mzima unavunjika kwa ajili ya chakula ambacho aliyekisifia hakukimeza.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Mtasema nina wivu, mtoto wa Idodi kaona mjini kamechanganyikiwa. Haya, wivu wa nini? Ramen nimeila pale jikoni kila mwisho wa zamu, ya moto, na mpishi ananiongezea nyama. Nimekula nyingi kuliko huyo staa wenu.

Mtasema kwani kujaribu vitu vipya ni kosa. Sio kosa hata kidogo, na mimi wa kwanza kuwaambia nendeni. Nairobi wana Furusato pale Westlands, Kampala wana Yamasen, Dar zipo kadhaa za upande wa Masaki na Osterbay. Kula chakula cha watu ni njia nzuri ya kuwajua watu. Chapati yenyewe haikuota Iringa, na pilau nayo ilipanda meli. Miaka ijayo labda ramen nayo itakuwa yetu, itauzwa stendi kwa bakuli la plastiki na ndimu pembeni, na hapo ndo itakuwa imerudi kwenye asili yake.

Mtasema pia mwanamke ana haki ya kutaka vizuri. Anayo, tena kubwa. Ataka vizuri aseme anataka nini hasa. Kama unataka chakula kizuri, supu ya kuku wa kienyeji iliyopikwa na anayejua itakushangaza. Kama unataka mahali penye utulivu na heshima, hapa Iringa mjini kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza mwaka 2003 kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Wahudumu wake ni viziwi, na ukitaka unajifunza ishara mbili tatu ukiwa unasubiri kahawa. Mtoe mtu pale uone mtakavyoongea. Lakini kama unachotaka ni picha, sema picha, ili mwenzio ajue anakopa kwa ajili ya nini.

UKIAMUA KWENDA, NENDA HIVI

Kwa wale wenye hela yao na hamu yao, mhudumu mstaafu anawapa ya bure.

Angalia bei kabla hujatoka nyumbani. Migahawa mingi inaweka menyu mtandaoni. Piga simu uliza kama bei ina kodi ndani au kodi inaongezwa. Kuuliza bei sio umasikini, matajiri niliowahudumia ndo walikuwa wanauliza kuliko wote.

Uliza supu ni ya mfupa gani. Kama huli nguruwe kwa imani yako, usiishie kuuliza nyama ya juu, uliza supu yenyewe. Nimeona mtu katoa vipande vya nyama pembeni akaendelea kunywa supu ya mifupa ileile. Ipo ya kuku, ipo ya mboga, sema tu.

Omba uma. Ukitaka kujifunza vijiti jifunzie nyumbani kwa karanga, sio kwenye tambi zinazoteleza mbele ya mkwe.

Piga picha moja, kisha kula. Ramen haisubiri. Tambi zikikaa zinanywa supu na kuvimba, na wewe unalalamika kuwa chakula cha Wajapani hakina ladha. Wenyewe wanaimaliza ndani ya dakika kumi, na ule mlio wa kuvuta tambi kwao sio utovu wa adabu. Kwa hiyo vuta bwana, umelipia.

Na ukilipa, lipa kwa hela iliyokuwepo mfukoni kabla hujaingia mlangoni. Kama haipo, mwambie mwenzio, "Mwezi huu tunakunywa supu, ramen tutaipanga." Atakayeondoka kwa kauli hiyo alikuwa ameshaondoka siku nyingi, ni vile tu hukuwa na taarifa.

Kwa yule dada wa klipu, sina baya na wewe. Nakuomba kitu kimoja kama mtu aliyewahi kubeba trei: siku nyingine weka neno "tangazo" pale juu, na maliza bakuli lako. Kuna kijana wa Tukuyu ameamka alfajiri kwa ajili ya hiyo supu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Umewahi kukopa kwa ajili ya mtoko? Au umewahi kuachwa kwa sababu ya supu? Shusha komenti, majina ya watu tusitaje, na matusi nitafuta kama kawaida yangu. Wa kwanza kuniambia Iringa mjini ramen imefika, supu na chapati juu yangu.